Jaribio Lililofeli Kila Alasiri

Vijana wa ofisini waliponiaga walinipa leso, keki, na kazi ya kufanya: niandike yale niliyoyaona. Nadhani walisema hivyo kwa heshima tu, wakitarajia nitacheka na kusahau. Lakini mtu aliyezoea kuamka mapema na kuketi mbele ya kompyuta haachi kwa siku moja, na asubuhi zangu sasa ni ndefu. Sitaeleza nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. La kwanza halikutokea mara nyingi, na la pili mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akilijadili vya kutosha. Nitaeleza kazi yenyewe, na zaidi nitaeleza habari za Mutua, ambaye amenipa ruhusa, kwa sharti kwamba nisimfanye mtakatifu.

Nililelewa Makongeni, katika nyumba za reli. Baba alikuwa karani wa mizigo, mtu wa Lamu aliyeletwa Nairobi na kazi na asirudi. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ya kuingiza majina ya wateja kwenye kompyuta katika kampuni moja ya Industrial Area. Siku ya kwanza niliambiwa niandike jina, nibonyeze, niandike jingine, nisiguse kitu kingine chochote. Kabla ya chakula cha mchana mashine ilikuwa imekwama. Ilikuwa imefika kwenye jina la Bwana Ng'ang'a, ikaona ile alama iliyo kati ya herufi, ikagoma. Niliuliza kwa nini. Wakaniambia niwaandike kina Ng'ang'a wote bila ile alama. Nikauliza kwa nini watu wabadilishwe majina na siyo mashine ibadilishwe. Niliuliza mara nyingi mno hata wakanihamishia chumba cha wanaoandika programu, nafikiri ili nisisikike na wateja. Huko ndiko nilikojifunza kazi.

Siku hizo programu ikikosea hatukuwa na njia nyingi za kuichunguza. Tulipachika maneno ndani yake ili itwambie ilikofika. Ungeandika "Nimefika hapa", halafu mbele kidogo "Nimefika hapa pia", kisha unaiendesha na kusoma kwenye skrini ni maneno gani yametokea. Yasipotokea, ujue imefia njiani. Ni kama kumfuata mtu gizani kwa kusikiliza anavyokohoa. Na ilikubidi ukumbuke kuyafuta ukimaliza. Mwenzangu mmoja alisahau, na kwa muda fulani wateja wa kampuni ile walikuwa wakisoma "Ee Mola nimefika hapa" kila walipofungua hesabu zao. Hakuna aliyelalamika. Mmoja alituma ujumbe wa pongezi.

Nilifanya kazi namna hiyo miaka mingi, nikadhani ndivyo ilivyo. Kisha kampuni ile ikafungwa, nami nikapata nafasi Kariobangi, kwa kijana aitwaye Karanja aliyekuwa ameanzisha ofisi ndogo ya kuandikia zahanati programu zao. Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya karakana ya jua kali. Chini walikuwa wakigonga mabati kutengeneza majiko na masanduku ya shule, na juu sisi tulikuwa tukipigiwa nyundo kichwani tangu asubuhi. Karanja alikuwa mdogo kuliko kitinda mimba wetu. Aliniita "Mama" siku ya kwanza na hakuacha.

Mezani kwangu aliletwa Mutua ili anionyeshe kazi. Alikuwa amenipita ujuzi na mimi nimempita umri, basi tukaheshimiana kwa wasiwasi. Wazazi wake walitoka Makueni. Baba yake alikuwa mchonga vinyago aliyekuja mjini, akachonga twiga na vifaru vya watalii mpaka macho yalipomzimikia. Mutua alilitaja hilo kwa kupita tu, kama mtu anavyotaja kwamba baba yake alikuwa mrefu.

Aliniona nikipachika "Nimefika hapa" zangu. Akatazama kwa muda.

"Bi Zuhura, unafanya nini?"

"Natafuta inakofia."

"Na ukiipata inakofia, utajua imekufa kwa ugonjwa gani?"

"Nitapachika maneno mengine."

Akavuta kiti. "Hebu niruhusu."

Alianza na majaribio. Pale kwa Karanja kila kipande cha programu kilikuwa na jaribio lake dogo, nalo pia limeandikwa kwa msimbo, yale maagizo ya kompyuta: unakipa kipande kitu unachokijua, unasema jibu unalolitarajia, kisha kompyuta inalinganisha. Jibu likiwa sawa jaribio huwa kijani. Likikosea huwa jekundu. Hilo nililielewa upesi, kwa kuwa ndivyo mama yangu alivyomjaribu muuza maziwa.

Kisha akanionyesha kile ambacho vitabu hukiita breakpoint. Yeye alikiita kituo, na ofisi nzima ikafuata. Katika edita, ile programu tunayoandikia msimbo, kila mstari una nambari pembeni. Ukibofya kando ya nambari, panatokea kidoti chekundu, kidogo kama punje ya mtama. Halafu unaliendesha jaribio kwa namna ya uchunguzi, na programu ikifika kwenye mstari ule, inasimama. Haifi. Inasimama tu, imeshika kila ilichokuwa imeshika, nawe unaweza kutazama kila jina lina thamani gani wakati ule. Ukitaka, unaisogeza mstari mmoja, unatazama tena. Ukitaka kuingia ndani ya kipande kinachoitwa, unaingia. Ukitaka kukiruka, unakiruka.

"Usiiulize ilifika wapi," Mutua alisema. "Isimamishe, uione ikiwa hai."

Nilikuwa nikifikiria miaka yote ile ya kuwafuata watu gizani kwa kikohozi.

Akaongeza kitu kimoja ambacho nimewaambia wote mliokuja baada yangu, na mnakisahau: usiweke kituo mahali unapodhani kosa liko. Weka kabla yake, mahali ambapo una hakika mambo bado ni sawa, kisha tembea. Anayeanzia pabaya hajui pazuri palikuwa na sura gani.

Tulifanya kazi meza moja miaka kadhaa. Alikuwa mwepesi. Vidole vyake viliweka vituo na kuviondoa kabla sijamaliza kusoma jina la jaribio. Alipenda chai bila sukari na alichukia mikutano. Akifurahi alivuta pumzi puani, "hm", na hiyo ndiyo ilikuwa sherehe yake.

Kazi yetu kubwa ya mwisho pamoja, nikisema mwisho maana yangu ni kabla mambo hayajabadilika, ilikuwa programu ya kuwakumbusha wagonjwa dawa. Zahanati iliandika saa ya kila mgonjwa, na programu ikamtumia ujumbe kwenye simu, kwa Kiswahili na kwa jina lake: "Meza dawa yako saa mbili usiku." Inaonekana rahisi. Lakini kompyuta huhesabu saa za Kizungu, na mtu wetu huhesabu za kwetu. Ishirini ya kompyuta ni saa mbili usiku, na nane yake ni saa mbili asubuhi. Kwa hiyo kuna kipande kinachogeuza nambari, na kipande kingine kinachosema ni asubuhi, mchana, alasiri, jioni au usiku. Vyote viwili viliandikwa na Mutua.

Miongoni mwa majaribio ya kipande hicho kulikuwa na moja lenye tabia. Liliipa programu saa nane ya asubuhi ya kompyuta na kutarajia "saa mbili asubuhi". Asubuhi lilikuwa kijani. Alasiri likawa jekundu. Ripoti yake ilisema wazi kwamba imepata "saa mbili alasiri", saa ambayo haipo popote duniani. Tungeisoma vizuri siku ya kwanza, nisingekuwa na habari ya kuandika. Lakini tuliizoea. Tulisema ni mambo ya saa za ng'ambo, kwa sababu mashine tuliyokodi kupitia mtandao iko nchi nyingine. Brayo, mwenzetu wa ofisini, kijana wa Kariobangi mwenye maneno mengi, alikuwa akipita mezani petu akisema, "Niaje Bi Zuhu. Hiyo test ni ya morning shift. Mchana imechoka." Tulicheka. Kesho yake asubuhi tuliliendesha tena, likawa kijani, tukaendelea na mengine.

Kisha zahanati ikaomba kitu kidogo. Zamani ujumbe wa asubuhi uliandaliwa asubuhi na wa usiku ukaandaliwa usiku. Wakaomba wote uandaliwe na kutumwa asubuhi, ili watu wapange siku yao. Tukabadilisha.

Siku chache baadaye muuguzi wa zahanati akapiga simu. Karanja alipokea akiwa amesimama, na alipoweka simu alikuwa amekaa. Kulikuwa na mama mmoja wa Mukuru kwa Reuben, Mama Atieno, mfanyakazi wa kibarua katika kiwanda cha plastiki, zamu ya usiku. Alikuwa ametoka kuanzishiwa dawa za presha, ameze saa mbili usiku. Ujumbe wetu ulimwambia saa mbili asubuhi. Akafikiri daktari amebadilisha, akameza asubuhi. Jioni binti yake akamkumbusha alivyoambiwa zahanati, akameza tena. Akiwa njiani kwenda kazini akashikwa na kizunguzungu, akaanguka kwenye ngazi na kuvunjika mkono.

"Nani aliandika kipande hicho?" Karanja aliuliza, ingawa alijua.

"Mimi," Mutua akasema.

"Tafuta kosa. Mpaka lipatikane, tumesimamisha ujumbe wote."

Mutua akainama kwenye mashine yake. Siku ile hakupata kitu, wala siku iliyofuata. Nilishangaa, kwa sababu kosa la aina ile angelila kama karanga. Nikaona mambo ambayo nilikuwa nimeyaona kwa muda bila kuyatazama: herufi kwenye skrini yake zilikuwa kubwa kama za kibao cha duka. Mashine yake aliisogeza upande wa dirisha. Na alikuwa amerudia "Nimefika hapa". Mutua, aliyeniachisha mimi.

Alasiri ya siku ile ya pili nikavuta kiti. "Kwa nini huweki kituo?"

"Nimeweka."

"Basi liendeshe lile jaribio letu la alasiri."

Akaliendesha. Jaribio likaenda moja kwa moja, likawa jekundu, halikusimama popote. Mutua alikuwa ameinamisha kichwa kando kidogo.

"Imesimama?" akaniuliza.

Kidoti chekundu kilikuwa kwenye jaribio jingine kabisa, chini zaidi. Na ukingo wa skrini ulikuwa umejaa rangi nyekundu ya kufeli, pana kuliko kiganja, kando ya uso wake.

Nyundo za chini ziliendelea. Nilimwambia, "Haikusimama, Mutua. Kituo kiko mahali pengine."

Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Katikati bado naona kidogo. Kandokando hakuna kitu. Ile nafasi ya vidoti ilipotea zamani."

"Tangu lini?"

"Ilianza kidogo kidogo, kabla hujanizoea." Akatabasamu bila furaha. "Ni yale ya mzee. Presha ya macho. Mimi niliijua ilipoanza, kwa sababu nilimwona yeye ikimla."

"Mke wako anajua?"

"Anajua. Ndiye anayenivusha barabara ya Outering asubuhi. Karanja hajui. Bi Zuhura, mtu anayeandika programu kwa macho, akisema macho yamekwisha, amebaki na nini?"

Sikutaka kumpa jibu la uongo. Nikasema, "Tumalize hili kwanza. Wewe sema, mimi nibofye."

Ndivyo tulivyofanya, kuanzia kesho yake. Ilikuwa asubuhi na mimi ndimi niliyekuwa macho yake. Aliniambia niweke kituo mwanzoni kabisa mwa jaribio, pale ambapo mambo bado ni sawa. Nikaweka. Likasimama. Nikamsomea kila jina na thamani yake, nikasogeza mstari, nikasoma tena. Kipande cha kugeuza nambari kilifanya kazi vizuri: nane iliingia, mbili ikatoka. Kipande cha pili kikasema "asubuhi". Jaribio likawa kijani.

"Hakuna kosa," nikasema.

"Kuna kosa. Ni asubuhi tu," akajibu. "Nenda ukaswali adhuhuri, ule, kisha rudi alasiri. Tutaliendesha wakati linapougua."

Niliporudi alikuwa hajaondoka kitini. Tukaanza tena mahali palepale. Nane iliingia, mbili ikatoka. Tukafika kwenye mstari unaoita kipande cha pili.

"Usiruke," akasema. "Ingia ndani."

Nikaingia. "Kuna jina 'sasa'," nikamsomea. "Thamani yake ni kumi na tano na dakika kadhaa."

"Rudia."

"Sasa. Kumi na tano."

"Mgonjwa tumempa saa gani?"

"Nane."

"Na humo ndani, nane iko wapi?"

Nikatafuta. Nilitazama kila jina lililokuwa pale kwenye orodha ya pembeni. Nane haikuwepo. Haikuingia kabisa. Kipande kile kilikuwa hakimwulizi mgonjwa saa yake. Kilikuwa kinatazama saa ya ukutani. Nambari ilitoka kwa mgonjwa na "asubuhi" ilitoka kwa wakati ule mashine ilipokuwa ikiandika ujumbe. Maadamu wa asubuhi waliandikiwa asubuhi na wa usiku wakaandikiwa usiku, vilipatana kwa bahati. Tulipoandikia wote asubuhi, kila mtu wa saa mbili usiku akawa mtu wa saa mbili asubuhi.

Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akafunika uso kwa viganja.

"Mstari mmoja," akasema. "Niliuandika mwenyewe, na sikuuona."

"Na jaribio lilituambia kila alasiri," nikasema. "Sisi wenye macho tulilicheka."

Tulirekebisha. Saa ya mgonjwa ikaingizwa ndani. Tuliongeza majaribio ya kila kipindi cha siku, na tukaisogeza saa ya kompyuta mbele na nyuma kuyajaribu yote. Yakawa kijani, tukiyaendesha wakati wowote. Mutua hakusema "hm". Alisimama, akashika ukingo wa meza, akaniambia, "Sasa nipeleke kwa Karanja. Na baadaye nipeleke kwa yule mama."

Kwa Karanja alisema yote mawili kwa pumzi moja: kosa lilikuwa wapi, na macho yake yamefikia wapi. Karanja alikuwa kijana mwema, lakini alikuwa na zahanati iliyokasirika na watu wa kulipa mshahara. Alizungusha kalamu muda mrefu.

"Ningeweza kukuweka kwenye simu," akasema mwishowe. "Uwajibu wateja. Sauti yako ni nzuri."

"Ahsante," Mutua akajibu. "Nikishindwa kabisa nitakuja kuiomba kazi hiyo. Bado sijashindwa. Sijajaribu bado kufanya hii bila macho. Nimekuwa nikijaribu kuifanya kwa macho ambayo sina."

Karanja akanitazama. Nilimwambia kitu kimoja tu: kwamba kosa lile alilipata Mutua, mimi nilisoma tu. Haikuwa huruma. Ilikuwa hivyo.

"Tujaribu," Karanja akasema. "Lakini tujaribu kweli. Kazi ikianguka, nitakuambia."

"Niambie," akasema Mutua. "Usinionee aibu."

Mukuru kwa Reuben tulienda watatu, muuguzi akituongoza. Mama Atieno alikuwa ameketi mlangoni pa chumba chake, mkono umefungwa plasta, akimwelekeza binti yake namna ya kukaanga omena. Alitukaribisha kwa viti vya plastiki. Alidhani tumetoka zahanati. Muuguzi alipoanza kueleza mambo ya mashine, Mutua akamkatiza kwa adabu.

"Mama, ujumbe ule niliuandika mimi. Niliukosea. Nimekuja kukuomba msamaha."

Mama Atieno alimtazama, kisha akanitazama mimi, kama anayeuliza ikiwa huyu mtu yuko sawa.

"Wewe ndiye uliandika?" akasema. "Mimi nilifikiri ni daktari. Hiyo message ilikuwa na jina langu. Inasema Mama Atieno, meza dawa. Sasa mimi nitabishana na daktari?"

"Hapana, mama."

"Kiwandani hawalipi mtu ambaye hajaingia. Kibarua changu amepewa mwingine." Alisema bila kupandisha sauti. Binti yake aliacha kugeuza omena. "Mnajua hiyo?"

Hatukuwa tunajua. Mutua hakutafuta maneno ya kujificha. Alisema, "Sikujua. Sasa nimejua." Muuguzi akaahidi kumsemea kiwandani, na alimsemea kweli. Plasta ilipotolewa alirudishwa, kwenye zamu ya mchana.

Tulipoinuka kwenda, Mutua aligonga goti kwenye kiti ambacho hakukiona. Mama Atieno aliona. Akamshika kiwiko kwa ule mkono wake mzima, akamwongoza mpaka njiani, pale penye mfereji wa maji machafu.

"Hapa ruka," akamwambia. "Si sana. Hatua moja." Na aliporuka, akamwambia, "Basi uandike vizuri."

Miezi iliyofuata ilikuwa migumu, na sitaipamba. Mutua aliwekewa programu inayosoma skrini kwa sauti. Ilizungumza Kiingereza cha haraka kama cha mnadani, na nyundo za jua kali zilimeza nusu ya maneno. Tulimpa vipokea sauti vya masikioni. Alikasirika. Mara mbili aliondoka kabla ya saa za kutoka, na mara moja nilidhani hatarudi. Lakini edita ile, tukagundua, ina sauti zake ambazo sisi tulikuwa tumezizima kwa sababu zilituudhi. Ukifika kwenye mstari wenye kituo, inalia mlio mdogo. Jaribio likisimama kwenye kituo, inalia mlio mwingine. Likifeli, mwingine tena, mzito. Brayo ndiye aliyezipata. Alikaa naye siku nzima akizijaribu moja baada ya nyingine, akiacha maneno yake mengi pembeni. Vituo Mutua aliviweka kwa kibodi badala ya kubofya. Mstari kwa mstari alitembea kwa kubonyeza, na sauti ikamsomea kila thamani. Polepole aliongeza kasi ya ile sauti, mpaka ikawa kwetu ni kama nyuki kwenye kopo, naye anaelewa kila neno.

Siku moja nilitoka kuswali nikamkuta ameketi wima, mikono juu ya meza. Tulikuwa na jaribio jekundu tangu asubuhi na nilikuwa nimejiandaa kumsomea. Niliuliza tuanzie wapi.

"Hm," akasema.

Alikuwa amelipata kosa, amelirekebisha, na ameshayatuma marekebisho. Nikaketi kwenye kiti changu nikafanya kazi yangu.

Karanja hakuitaja tena kazi ya simu. Watu wapya walipokuja, Mutua ndiye aliyewafundisha. Aliwataka wamsomee kwa sauti kila walichokiona kituo kiliposimama, jina na thamani, jina na thamani, wasiruke hata moja. Walidhani ni kwa ajili yake. Wengi wao walilipata kosa lao katikati ya kusoma, wakanyamaza ghafla, na yeye akawaacha wanyamaze.

Kwangu mimi mwisho ulikuja siku ya Ijumaa, kama kawaida ya kustaafu. Keki ilishakatwa. Nilikuwa nimeondoa picha zangu na kikombe changu. Nikasema niendeshe majaribio mara ya mwisho, kwa kuaga tu, na moja likawa jekundu. Lilikuwa langu, nililoliandika mwenyewe wiki ile. Nikavua mtandio begani, nikauweka juu ya kiti, nikakaa.

Nikasikia kiti kikivutwa. Mutua alinyoosha mkono, akapapasa mpaka akaipata kibodi, akaivuta taratibu kutoka mbele yangu.

"Hili ni langu," akasema.

"Nimeliandika mimi."

"Liliandikwa na mfanyakazi wa kampuni hii. Wewe si mfanyakazi wa kampuni hii tangu saa kumi. Nenda nyumbani, Bi Zuhura."

"Nione tu limefia wapi."

"Nenda nyumbani."

Alikuwa ameshavaa vipokea sauti vyake. Nilisimama nyuma yake kidogo. Nikaona kidoti chekundu kikitokea mwanzoni kabisa mwa jaribio. Kisha nikachukua mtandio wangu, nikashuka ngazi.

Jumatatu nilivumilia mpaka mchana, nikampigia simu. Nikauliza habari za mke wake, habari za nyundo, habari za Brayo. Halafu nikauliza, kana kwamba nimekumbuka tu, lile jaribio lilikuwa na nini.

"Pole sana, dada," Mutua akaniambia. "Mambo ya ofisi hatuwaelezi watu wa nje."

Mpaka leo sijui.